Binti wa miaka saba anasema "siwezi, nichoree wewe": nianzie wapi?

"Habari za kazi mtaalamu. Niko Mwanza, nina watoto wawili: binti wa miaka saba, yuko darasa la pili, na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Natamani wakue na sanaa maana mimi sikuipata. Nimewanunulia vitabu viwili vya kupaka rangi na penseli za rangi. Binti alichangamka wiki ya kwanza, sasa nikimwambia achore anasema 'mama siwezi, nichoree wewe'. Akichora mwenyewe ni nyumba ileile, jua kwenye kona, ua moja, na anafuta mpaka karatasi inatoboka. Mdogo wake ndiyo kabisa, mtu wake ni kichwa chenye miguu, hana tumbo wala mikono, na anapenda rangi nyeusi tu. Je, hawana kipaji? Nasikia vitabu vya picha vinasaidia, lakini sijui kivipi, na vya madukani hapa ni vya silabi. Baba yao anasema nawapotezea muda wa masomo. Bajeti yangu haizidi shilingi elfu ishirini kwa mwezi. Nianzie wapi?"

Dada, katika yote uliyoandika sioni dalili ya upungufu kwa mtoto yeyote. Mdogo anachora kama watoto wa miaka minne wanavyochora karibu kila mahali. Dada yake amekwama pale ambapo watoto wengi hukwama, ila yeye amewahi kidogo, na nadhani waliomharakisha ni vitu viwili vilivyomo humo ndani: vitabu vya kupaka rangi na kifutio. Swali la kipaji liache kabisa kwa sasa. Katika umri huu, tofauti unayoiona kati ya mtoto na mtoto hutokana zaidi na kiasi alichochora, alichotazama na alichoambiwa.

Nianze na kinachotokea kichwani mwao. Mtoto mdogo hachori anachokiona, anachora anachokijua. Mfaransa Georges-Henri Luquet alilieleza hili mwaka 1913 baada ya kufuatilia kwa miaka michoro ya binti yake mwenyewe. Meza ina miguu minne, basi mtoto ataichora yote minne, hata kama alipokaa anaona mitatu. Akichora daladala, abiria wataonekana mpaka viatu, kana kwamba bodi ni ya kioo. Hajakosea. Anakupa taarifa kamili ya anayoyajua kuhusu daladala.

Baadaye, kati ya miaka mitano na minane hivi, hujiundia alama zake: hii ya mtu, hii ya mti, hii ya nyumba. Akishaipata huirudia, kwa sababu inafanya kazi na kila mtu anaitambua. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alizipanga hatua hizi mwaka 1947, na walimu bado wanazitumia, ingawa umri alioutaja si sheria. Kwa hiyo kurudia nyumba moja si kosa lenyewe. Shida ni kwamba nyumba ya binti yako hakuiunda yeye. Itazame vizuri. Nakisia ina paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili yenye msalaba, huenda na bomba la moshi. Nyumba ngapi za Mwanza zina bomba la moshi? Huyu mtoto anakulia kwenye vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, ngazi, mabati, matenki ya maji, na ziwa huko chini, na kwenye karatasi yake hamna hata jiwe moja. Nyumba hiyo imetoka kwenye kitabu cha kupaka rangi. Ilichorwa na mtu mzima, mistari yake haitetemeki, na kila binti anapojaribu kuiiga mkono wake unamsaliti. Ndipo anaposhika kifutio.

Vitabu hivyo usivitupe. Vina faida yake: vinazoesha mkono kusimama kwenye mpaka, vinatuliza, na ukiwa na mgonjwa kitandani au safari ndefu ya basi vinasaidia kweli. Lakini maamuzi yote ya picha, yaani nini kiwepo, kikae wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, yameshafanywa na mtu mwingine, na hayo maamuzi ndiyo sanaa yenyewe. Viweke kabatini miezi miwili, kisha virudi kama mchezo mmojawapo.

Kifutio nacho kiondoke mezani, pamoja na penseli ya kawaida. Usifanye kama adhabu. Badilisha vifaa tu. Kreyoni, mkaa na karatasi ya kukata havina habari ya kufuta. Mstari uliopotea njia unageuka kitu kingine: tawi, nywele, barabara. Penseli atakutana nayo shuleni kila siku, hataikosa.

Kwa mdogo wake, usimfundishe kuongeza tumbo. Mwulize, "Tumbo la huyu liko wapi?" Watoto wengi wa umri huo huelekeza kidole bila wasiwasi, mara nyingi hapo katikati ya ile mistari miwili ya miguu. Analijua, hajaona tu haja ya kulizungushia mstari. Tumbo na mikono vitakuja, pengine ndani ya mwaka. Na nyeusi isikutishe. Juu ya karatasi nyeupe ndiyo rangi inayoonekana vizuri kuliko zote, na mtoto anayejifunza kwamba mkono wake unaacha alama anataka alama ionekane. Wanaosema mtoto wa rangi nyeusi ana huzuni wanakisia. Kitu kimoja cha vitendo: mkono wake bado unaendeshwa na bega na kiwiko zaidi ya vidole, kwa hiyo karatasi ya A4 ni ndogo kwake. Mpe boksi lililofunguliwa, lilaze sakafuni au ulibandike ukutani usawa wa kifua chake. Kreyoni zivunje vipande vya sentimita tatu hivi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha atumie vidole. Akitumia mkono wa kushoto, mwache.

Sasa vitabu. Kitabu cha picha ni jumba la sanaa ambalo mtoto anaweza kulishika, kulirudia na kulala nalo. Ila namna tulivyozoea kukisoma, yaani maneno haraka haraka na kufungua ukurasa, inamnyima nusu ya kitabu. Mara ya kwanza msisome kabisa. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, kaeni kwenye picha moja dakika mbili au tatu, na uulize maswali matatu tu. Yametoka kwa Philip Yenawine na Abigail Housen, waliounda Marekani njia ya kuwatazamisha watu picha makumbushoni, nami nayaweka hivi: Hapa kuna nini kinaendelea? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Tunaona nini kingine?

Uzito wote uko kwenye swali la pili. Tuseme picha ni ya mama sokoni na mbuzi pembeni. Binti atasema, "Mbuzi anataka kukimbia." Usimwambie ndiyo wala siyo. "Umeona nini mpaka ukasema hivyo?" Atarudi kwenye picha: "Kamba imenyooka." Kisha: "Na miguu ya nyuma imejikunja." Hapo, dada, macho yake yamefanya kazi ambayo hakuna kitabu cha kupaka rangi kingemwomba aifanye, na kesho akichora mbuzi ana kitu cha kutumia: kamba ikinyooka, mbuzi anavuta. Mdogo wake akidakia kwamba mbuzi ana njaa, naye mwulize hilohilo. Majibu mawili yasiyofanana yanaweza kukaa pamoja, mradi kila mmoja aonyeshe kwa kidole alichokiona.

Siku nyingine mrudi kwenye kitabu hichohicho mkimtafuta mchoraji. Alitumia brashi, au alikata karatasi? Mstari wake mnene au mwembamba? Alikuwa amekaa wapi wakati "anaona" haya, juu ya mti au chini sakafuni? Mbona mbingu ameiacha nyeupe? Hili ndilo litakalomtoa binti yako kwenye nyumba yake, kuliko jambo lingine lolote. Akishaona wachoraji watatu waliochora mti kwa namna tatu zisizofanana, na wote wameachwa wakachapishwa vitabuni, ile imani kwamba kuna mti mmoja sahihi inaanza kulegea.

Kwa hiyo unaponunua au kuazima, tafuta utofauti wa mikono, usitafute wingi wa vitabu. Vitatu vinatosha kwa kuanzia: kimoja cha rangi ya maji au brashi, kimoja cha karatasi zilizokatwa na kubandikwa, kimoja cha mistari ya kalamu. Kigezo changu dukani ni hiki: fungua ukurasa wowote, funika maneno, uone kama picha inakwambia kitu ambacho maneno hayakisemi. Kama maneno yanasema "Juma ana mpira" na picha ni Juma na mpira basi, rudisha. Maktaba ya mkoa ipo hapo Mwanza chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, anzia huko kabla ya kutoa pesa. Mkuki na Nyota wanachapisha vya watoto kwa Kiswahili, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kazi hiyo tangu 1991, kwa hiyo nembo zao zitafute. Kama una intaneti, African Storybook ina hadithi nyingi zenye picha, nyingine kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kuzipakua bure na kuzichapa. Onyo moja tu: steshenari wakikuchapia nyeusi na nyeupe, picha ya rangi hugeuka ukungu wa kijivu na somo lote linapotea. Chapa kurasa mbili kwa rangi, zilizobaki mzitazame kwenye simu iliyolazwa. Kalenda za zamani zenye michoro nazo ni vitabu halali.

Baada ya kitabu, mkono. Kosa la kawaida hapa ni kumwambia mtoto "haya, chora kama hii". Mtoto aliyekwama akisikia hivyo anakwama zaidi. Chukua namna ya mchoraji, picha yake iache. Kama kitabu ni cha karatasi zilizokatwa, leteni magazeti, mabaki ya vitenge, vifungashio vya sabuni, mkasi wenye ncha butu na gundi, mkatekate mawe ya Mwanza. Kwa mtoto anayeogopa mstari wake, karatasi ya kukata ina jambo moja zuri: vipande unaweza kuvisogeza huku na huku kabla ya kubandika, kwa hiyo hakuna kukosea mpaka gundi iingie. Mwambie apange kwanza, atazame, ahamishe, ndipo abandike. Mdogo achane kwa vidole. Kuchana karatasi ni zoezi zuri la vidole kuliko wengi wanavyodhani.

Zoezi ambalo ningelipa mchana mzima ni la kanga, maana kitabu chake mnacho kabatini. Tandika kanga kitandani. Waulize waonyeshe pindo, mji na jina. Pindo linarudia umbo gani? Kwenye kona linageuka vipi? Mji una kitu kimoja kikubwa au vidogo vingi? Kisha kila mmoja achukue karatasi ya manila, sentimita 40 kwa 30 hivi, ambayo inakaribia uwiano wa kanga yenyewe. Binti apime kwa rula sentimita 4 kutoka kila ukingo na kupiga mstari: hilo ni pindo. Ndani yake, chini katikati, aache kisanduku cha sentimita 15 kwa 3 cha jina.

Pindo tumieni muhuri. Bamia ikikatwa kwa upana karibu na kikonyo inatoa nyota yenye vyumba. Ute wake hukataa rangi, kwa hiyo kata, ifute, iache dakika kumi na tano ikauke juu. Kiazi mviringo kinafaa pia: kata katikati, wewe ndiye uchonge umbo kwa kisu, kina cha nusu sentimita, kisha ukaushe maji yake kwa kitambaa. Wasichovye muhuri kwenye rangi. Rangi ikizidi huziba matundu na kuteleza. Paka rangi kwenye sponji ya kuoshea vyombo iliyolowa kidogo, ndiyo iwe pedi. Na waanze na kona nne, kisha katikati ya kila upande, ndipo wajaze nafasi. Mtoto akianzia kona moja na kuzunguka, atafika mwisho akiwa na nafasi ya nusu ua, na binti wa aina hii atalia. Jina liandikwe kwa mkono, kwa sababu herufi ya muhuri hutoka kinyume. Waache watunge jina lao. "Usinisumbue nachora" ni jina halali kabisa la kanga.

Rangi mtatengeneza. Changanya vijiko vitano vya chakula vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, pika moto mdogo dakika tatu hivi mpaka uji ung'ae. Tia kijiko cha chai cha chumvi, ipoe. Huo uji wenyewe ni gundi nzuri ya karatasi. Kwa rangi, chukua vijiko viwili vya chakula vya uji na kijiko kimoja cha chai cha unga wa rangi: mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliokauka na kutwangwa, au manjano ya kupikia. Kila kimoja kichekeche kwa chujio la chai, kisha ukilowanishe kwa matone ya maji kabla ya kukitia, la sivyo kitaelea madonge. Udongo usiuchote kandokando ya barabara wala karibu na choo. Kwa joto letu uji huu hauvuki siku mbili nje ya friji, ukinuka uchachu mwaga.

Manjano ina mchezo wake. Ukitia chembe ya magadi inageuka kahawia nyekundu palepale. Choya iliyochemshwa ni nyekundu, ukiitia magadi inaelekea kijani-bluu. Wafanyie hilo kwenye kikombe mara moja na hamtalala mapema. Ila niseme kweli, rangi za mimea hufifia zikikaa juani, na manjano haitoki kwenye nguo. Mkaa na udongo vinadumu. Michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi yake ni ya udongo mwekundu. Waambie hivyo wakati wanatwanga.

Rangi ambayo sitaki uilete mezani ni ya mafuta, ile ya mageti na baiskeli, hata kama kopo limebaki chini ya ngazi. Nalisema kwa sababu ukitafuta habari za uchoraji wa Tingatinga utakutana nayo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za aina hiyo juu ya vipande vya mbao za dari, na wafuasi wake bado wanazitumia. Ni watu wazima. Rangi za mafuta, hasa za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto, na petroli au thina ya kusafishia ina mvuke mbaya. Mtindo wenyewe lakini uchukue: mnyama mmoja mkubwa anayejaza karatasi, nyuma rangi moja tupu, juu yake madoa na mistari. Kwa mtoto anayechora vitu vidogo chini ya karatasi, sharti la kwamba mnyama aguse kingo zote nne ni dawa nzuri.

Na akisema "nichoree wewe"? Usichore kwenye karatasi yake. Ukichora, picha inakuwa na mstari mmoja mzuri na mingine ya aibu, na kesho ataomba tena. Mwulize, "Ni wapi panakusumbua?" Karibu kila mara ni sehemu moja tu: miguu ya mbuzi, mkono ulioshika kitu. Nendeni mkamtazame mbuzi, au ushike kijiko mbele yake autazame mkono wako. Afuatishe umbo kwa kidole hewani kwanza. Kwa miaka saba anaweza pia mchezo huu: atazame sufuria dakika moja na kuichora bila kuangalia karatasi kabisa. Wewe na baba mchore pia. Michoro yote itatoka vituko, ya mama na ya mwana, na hapo hakuna anayeweza kuwa mbaya kuliko mwenzake.

Punguza pia "safi sana!" Si neno baya, lakini mtoto anayeishi kwa kusifiwa hukwepa kazi ambayo huenda haitasifiwa, ndiyo anarudi kwenye nyumba salama. Sema unachokiona: "Mawe umeyapanga makubwa chini, madogo juu. Hapa umekandamiza sana kreyoni." Kisha nyamaza, ataongea mwenyewe. "Hiki ni nini?" nalo liepuke kwa mdogo. Pengine hakikuwa kitu mpaka ulipouliza.

Ratiba isiwe ya kijeshi. Mara mbili kwa wiki, nusu saa hadi dakika arobaini, inatosha. Karatasi omba ofisini au shuleni zilizotumika upande mmoja. Elfu ishirini yako iende kwenye kreyoni nene, mkasi, manila chache na kitabu kimoja kila unapoweza.

Wakiwa na michoro ya kutosha, watengeneze kitabu chao. Chukua karatasi nne za A4, zikunje pamoja katikati, unapata kurasa 16. Mgongo una sentimita 21. Kwenye mkunjo toboa matundu matatu kwa sindano nene: moja katikati, mengine sentimita 5 kutoka kila mwisho. Uzi wa sentimita 50. Ingiza katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8. Rudi ndani kwa tundu la juu. Pita ndani moja kwa moja mpaka tundu la chini, toka nje. Rudi ndani kwa katikati. Funga fundo la ncha mbili juu ya ule uzi mrefu wa ndani, ili usichomoke. Ukitumia karatasi zaidi ya sita, mkunjo unavimba na za katikati zinachungulia nje. Mwache binti aamue wapi picha ichukue kurasa mbili na wapi maneno yakae. Maneno anaweza kuyaandika yeye, au wewe uandike anayoyasema mdogo, bila kumsahihisha.

Baba yao anauliza swali la haki, mpe jibu la haki. Usimwahidi kwamba kuchora kutapandisha alama za hesabu. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Lakini mazungumzo juu ya kitabu cha picha yanakuza msamiati, hilo lina ushahidi mzuri, na vidole vinavyokata, kuchana na kukandamiza ndivyo vitakavyoandika. Ni saa moja na kidogo kwa wiki. Kama bado ana shaka, mpe sindano ya kitabu, aketi nao mara moja.

Darasa la sanaa la kulipia si lazima sasa. Ukilifikiria, tembelea kwanza utazame ukutani: ukikuta twiga ishirini wanaofanana, mwalimu ndiye aliyechora. Bora uwapeleke Makumbusho ya Bujora, Kisesa, hapo nje ya mji, wakaone ngoma na majengo yaliyotoa maumbo yake kwenye vitu vya Wasukuma. Wabebe karatasi na kreyoni tatu, wachague kitu kimoja tu cha kuchora, mkae nacho. Makumbusho yote kwa saa mbili huchosha mtoto bila kumwachia kitu.

Mwisho ni yale yanayohitaji mtu wa kumwona mtoto uso kwa uso, siyo maandishi yangu. Akiinamia karatasi mpaka pua inakaribia kugusa, akikunja jicho au kuinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama picha, apimwe macho hospitali. Yule mdogo akifika miaka mitano na bado anachanganya nyekundu na kijani wakati rangi nyingine anazijua, mtajie daktari. Hali hiyo huwapata zaidi wavulana, haina dawa lakini mwalimu anapaswa kujua. Mtoto wa miaka minne ambaye hawezi kuiga duara hata ukimwonyesha, mkono unaotetemeka, au mtoto aliyekuwa anachora na kuongea kisha akapoteza vyote, aende kliniki ya watoto bila kusubiri. Na kama siku moja mmoja wao ataanza kurudia picha za kupigwa, au za sehemu za siri kwa namna isiyo ya umri wake, usimtafsirie mchoro na usimhoji kwa ukali. Mwambie, "Nisimulie kuhusu picha hii," sikiliza, andika maneno yake kama alivyosema. Mchoro peke yake si ushahidi wa jambo lolote. Ukibaki na wasiwasi, afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya ndiye wa kumwona, na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bure.